JINA LA MSIMULIZI: Historia ya Uandishi juu ya Ugogo na Wajibu wa Jarida la Kitaaluma

UTANGULIZI

Mwaka 1902 jarida la taasisi ya anthropolojia ya Uingereza, lililochapishwa London, lilitoa makala ndefu juu ya Wagogo. Juu ya makala hiyo liliandikwa jina moja, la Mchungaji Henry Cole, mmisionari wa Church Missionary Society (CMS). Mwaka 1954 kilitolewa Nairobi kitabu cha historia ya Wagogo kwa Kiswahili. Jalada lake lilikuwa na jina la Mgogo mwenyewe, Mathias E. Mnyampala wa Ihumwa. Mwaka 2006 kilitolewa Marekani kitabu juu ya namna historia inavyotungwa na kutunzwa katika Tanzania ya kati. Jalada hilo lilikuwa na majina mawili, la profesa wa Marekani, Gregory H. Maddox, na la mwalimu wa Ugogo, Ernest M. Kongola.

Kati ya chapisho la kwanza na la tatu ilipita miaka 104. Makala hii inakusudia kuifuata safari hiyo, kisha kuuliza inatufundisha nini sisi tunaoandika, tunaohariri na tunaosoma jarida la chuo cha theolojia. Siku hizi maadili ya uchapishaji hujadiliwa kana kwamba ni kanuni zilizotungwa ng'ambo na kuletwa kwetu pamoja na kompyuta. Sivyo. Swali lenyewe limekuwa hapa Dodoma tangu siku ile mgeni wa kwanza alipofungua daftari lake mbele ya mzee wa Kigogo na kumwomba asimulie. Hoja yangu ni kwamba wajibu wa kwanza wa jarida ni kusema kweli juu ya mahali maneno yalikotoka, na kwamba wajibu mwingine wote unasimama juu ya huo.

MAKALA YA MWAKA 1902 NA ZILIZOFUATA

Ugogo ni nchi kame iliyo katikati ya njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikuwa na budi kuivuka, nayo ililipa hongo kwa watemi ili ipate maji na chakula. Wazungu waliopita katika misafara hiyo waliandika mengi juu ya Wagogo, na mara nyingi waliwaandika kama watu wanaowasumbua wapita njia, kwa sababu walioandika walikuwa wapita njia. Mtu aliyechimba kisima, akakilinda wakati wote wa kiangazi, kisha akadai malipo kwa msafara wenye mamia ya wapagazi, hakupata nafasi ya kueleza upande wake.

Wamisionari wa CMS, waliofika Mpwapwa katika miaka ya 1870, walikuwa na tofauti moja kubwa na wasafiri hao: walikaa. Walijifunza Kigogo, wakafundisha, wakazika watu na kuwabatiza. Kwa hiyo makala ya Cole haikuwa kazi ya mpita njia, na hadi leo mtafiti wa historia ya nchi hii hawezi kuipuuza. Lakini tuitazame kwa jicho la maadili ya uchapishaji. Mgeni hazijui mila za watu kwa kutazama tu. Lazima kuna waliomwambia na kumsahihisha alipokosea, kuna waliomkaribisha arusini na matangani, na kuna waliomtafsiria neno ambalo hakulielewa. Makala ilipofika mezani pa wasomaji wa London, kazi ya watu hao wote ilisimama chini ya jina moja.

Baada ya Cole wakafuata wengine. Mwaka 1911, wakati wa utawala wa Kijerumani, Heinrich Claus alitoa andiko lake juu ya Wagogo katika machapisho ya kitaaluma ya Ujerumani. Mwaka 1938 Padre Schaegelen alitoa makala juu ya kabila hilo hilo kwa Kifaransa katika jarida la Anthropos, ambalo lilianzishwa na padre mtaalamu wa lugha, Wilhelm Schmidt, mwaka 1906. Basi, kufikia mwaka 1938 Wagogo walikuwa wamekwisha kuandikwa kwa Kiingereza, kwa Kijerumani na kwa Kifaransa. Hakuna hata moja kati ya maandiko hayo matatu lililotolewa kwa Kigogo wala kwa Kiswahili.

Hapa ndipo palipo na uzito wa jambo. Jarida la kitaaluma hudai kwamba lina njia ya kuhakikisha ukweli: makala husomwa na wajuzi kabla ya kuchapishwa, na ikiisha kuchapishwa huweza kupingwa na yeyote ajuaye zaidi. Dai hilo ni jema. Lakini mjuzi wa kwanza wa ndoa ya Kigogo ni Mgogo aliyeoa au kuolewa. Ikiwa yeye hawezi kuisoma makala, basi yule aliyestahili kuwa mhakiki wake wa kwanza ameachwa nje ya mlango. Sisemi kwamba waandishi hao walikuwa wezi. Walifuata desturi ya wakati wao, na desturi ya wakati huo haikumhesabu msimulizi kuwa mwenye elimu. Alihesabiwa kama shamba, na mwandishi ndiye aliyekuwa mvunaji.

MNYAMPALA NA KITABU CHA MWAKA 1954

Mathias Eugen Mnyampala alizaliwa Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, mwaka 1917, akafariki mwaka 1969. Alikuwa Mkatoliki, akafanya kazi ya ualimu, ya ukarani na ya uhakimu. Wengi wanamjua kama mshairi: Diwani yake ilitoka mwaka 1963, alitunga tenzi za Injili na za Zaburi, aliongoza chama cha UKUTA, na ngonjera zake zilisomwa shuleni nchi nzima. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mwanahistoria.

Kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilitolewa mwaka 1954 na Shirika la Maandiko la Afrika ya Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948 na kuongozwa na Charles Richards, mtu aliyekuwa amefanya kazi katika duka la vitabu la CMS Nairobi. Si jambo dogo. Kwa mara ya kwanza historia ya nchi hii ilitolewa na mtu wa nchi hii, kwa lugha ambayo mwalimu wa Mvumi, karani wa Manyoni na katekista wa Kongwa waliweza kuisoma. Msomaji aliyeona kosa katika habari za ukoo wake aliweza kumwendea mwandishi Dodoma na kumwambia. Kile ambacho jarida la London halikuweza kukitoa, yaani hukumu ya wenye habari zao, kilipatikana kwa sababu ya lugha na kwa sababu ya ujirani.

Hata hivyo tusimfanye Mnyampala kuwa malaika. Aliandika chini ya utawala wa Kiingereza, ambao tangu miaka ya 1920 ulitawala kwa kupitia machifu. Katika utawala wa namna hiyo historia haikuwa hadithi ya jioni tu. Kusema kwamba ukoo fulani ulitangulia kufika mahali fulani, au kwamba mtemi fulani alikuwa na nchi kubwa kuliko jirani yake, kulikuwa ni kutoa ushahidi katika shauri la cheo na la ardhi. Naye mwandishi alikuwa mtumishi wa utawala huo huo. Kwa hiyo yeye asomaye kitabu hicho leo hana budi kuuliza: ni koo zipi zilizosimulia, na ni zipi zilizonyamaza? Wanawake walisema nini? Walioingia Ugogo kutoka nchi jirani wakati wa njaa, wakakaa wakawa Wagogo, wao walijieleza namna gani?

Maswali haya hayamvunjii heshima Mnyampala. Yanampa heshima ile ile tunayompa msomi yeyote, yaani kumsoma kwa makini na kumhoji. Na funzo lake kwetu ni hili: kuwa mwenyeji hakumwondolei mwandishi wajibu wa haki. Mwenyeji aweza kumfuta jirani yake kwa wino kama mgeni alivyowafuta wote wawili.

MAJINA MAWILI KATIKA JALADA MOJA

Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipatwa na njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yaliyopigana katika nchi hii yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Mwaka 1990 mwanahistoria Maddox alitoa makala juu ya njaa hiyo katika jarida la historia ya Afrika lichapishwalo Uingereza, akitumia hati za serikali pamoja na simulizi za wazee. Kadirio lake ni kwamba walikufa watu wapatao 30,000 kati ya watu 150,000 wa eneo hilo. Bila simulizi, njaa hiyo ingebaki kuwa mistari michache katika taarifa za maofisa. Ni wazee waliotunza jina lake, na ndani ya jina hilo ilitunzwa maana yake, yaani hali ya watu kugombania na kunyang'anyana kile kidogo kilichobaki.

Mtafiti huyo alifanya baadaye mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, mwaka 1995 alikitoa Marekani kitabu cha Mnyampala katika tafsiri ya Kiingereza, pamoja na utangulizi na maelezo yake. Angeweza kuchukua habari zilizomo, akazitia katika kitabu chake mwenyewe na kumtaja Mnyampala katika tanbihi. Badala yake Mnyampala alibaki kuwa mwandishi, naye akabaki kuwa mfasiri na mhariri. Hivyo miaka 41 baada ya chapa ya kwanza, na miaka 26 baada ya kifo cha mwandishi, wasomi wa ng'ambo walianza kumsoma mtu wa Ihumwa kwa jina lake.

La pili ni kitabu cha mwaka 2006. Ernest Kongola alikuwa mwalimu ambaye tangu miaka ya 1980 aliandika kwa Kiswahili historia za koo za Ugogo katika vijitabu vyake mwenyewe, visivyopitia mikononi mwa mashirika makubwa ya uchapishaji. Mtafiti wa kawaida angemwita mtu kama huyo chanzo cha habari. Maddox alimwita mwanahistoria, akaifanya kazi yake kuwa kiini cha kitabu, na jina lake likachapwa kwenye jalada.

Naona ni vema tuyapime mambo haya bila kupita kiasi. Uwezo ulikuwa bado upande mmoja: kitabu kilitolewa Marekani, kwa Kiingereza, na bei ya vitabu vya namna hiyo ni mzigo kwa mshahara wa mwalimu wa Dodoma. Lakini jambo moja lilibadilika. Msomaji anaweza sasa kuona ni mikono mingapi iliyoshika kalamu, na kwa sababu hiyo anaweza kuuliza kila mmoja alileta nini.

KATIKA NYUMBA YETU WENYEWE

Ni rahisi kuwahukumu wengine, kwa hiyo tuangalie na nyumba ya Kilutheri. Howard Olson, mmisionari kutoka Marekani, alifanya kazi Singida kati ya Wanyaturu, na mwaka 1964 alimaliza tasnifu yake juu ya sarufi ya lugha yao, Kirimi. Alifundisha pia Makumira, ambako Chuo chetu cha Theolojia kilihamia kutoka Lwandai mwaka 1954. Huko alizikusanya nyimbo za Kikristo zilizoimbwa kwa sauti za Kiafrika. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa alitunga kwa Kiswahili wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, na Olson akaufasiri kwa Kiingereza. Leo wimbo huo unaimbwa katika makanisa ya ng'ambo, na katika vitabu vya nyimbo vya huko majina yote mawili yameandikwa, la mtunzi na la mfasiri. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tazama mahali pa sauti ya wimbo: hapo husomeka kwamba ni ya jadi ya Tanzania. Jadi haina kinywa. Sauti ile ilianza kwa mtu fulani, ikarithiwa na kutunzwa na watu wengine. Pengine majina yao hayapatikani tena, lakini kutopatikana kwa jina ni hasara, nasi tusikuzoee kama kwamba ni hali ya kawaida.

Mwaka 1968 Makumira ilianzisha Africa Theological Journal. Jarida hilo liliwapa wanatheolojia wa Afrika mimbari yao wenyewe, wakasomwa na kujibiwa duniani kote. Lakini liliandikwa kwa Kiingereza, na mwinjilisti wa kijijini ambaye mahubiri yake na nyimbo zake ndizo zilizokuwa chemchemi ya theolojia hiyo hakuweza kulisoma. Kwa kiasi fulani tulirudia lile la mwaka 1902, safari hii kwa mikono yetu. Wala sisemi hivi kwa kulaumu, maana sababu za kuchagua Kiingereza zilikuwa na nguvu. Nasema ili tujue kwamba deni lipo.

KOSA LANGU

Ndugu msomaji, mimi nami ni mdeni katika jambo hili. Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia nilitumwa kukusanya historia ya usharika mmoja katika nyanda hizi. Mzee mmoja alinisimulia kwa siku mbili. Pamoja na mengine alinieleza nani aliyetoa kiwanja cha kanisa la kwanza na kwa sharti gani: njia ya kwenda kisimani, iliyopita pembeni ya kiwanja, isifungwe kamwe. Niliyaandika yote katika insha, na insha hiyo ikatolewa katika kijarida cha wanafunzi. Nilisifiwa kwa hiyo. Lakini kila mahali nilipopaswa kumtaja mzee yule niliandika "mzee mmoja", kwa kuwa ndivyo nilivyoona wengine wakiandika, na kwa kuwa, nikisema kweli, niliona kwamba jina lake halitaongeza kitu.

Baada ya miaka mingi usharika ule ulitaka kujenga uzio. Majirani wakakumbusha habari ya njia. Mtu mmoja akaleta insha yangu kuwa ushahidi. Baraza la wazee likauliza swali la haki kabisa: huyu mzee mmoja ni nani? Nilipofikiwa na swali hilo mzee alikuwa amekwisha kufariki, na madaftari yangu yalikuwa yamepotea katika uhamisho wa kituo hadi kituo. Nililitamka jina lake kwa kumbukumbu, lakini neno la mchungaji juu ya marehemu, miaka mingi baadaye, si sawa na jina lililochapwa siku ile ile pamoja na mahali na tarehe. Uzio ulijengwa. Wanawake wa kijiji kile wanazunguka na ndoo zao.

Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba kumtaja msimulizi ni adabu tu. Jina, mahali na tarehe ndivyo vinavyoufanya usemi kuwa ushahidi, na pasipo hivyo tumechapa uvumi kwa herufi nzuri.

WAJIBU WA WANNE

Katika Katekisimu yetu amri ya saba yatukataza kuiba na ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Kazi ya jarida imesimama kati ya amri hizo mbili. Luther mwenyewe aliyaonja mambo haya. Mwaka 1525 sehemu ya hotuba zake zilizokuwa bado mitamboni Wittenberg iliibiwa na kuchapwa mahali pengine. Aliwaandikia wakuu wa mji wa Nürnberg kulalamika, wala hakuwa akidai fedha yake, maana hakulipwa kwa vitabu vyake. Aliona mambo mawili: mchapaji aliyegharimia kazi ametiwa hasara, na maneno yaliyotoka yamejaa makosa huku yakibeba jina lake. Wizi na uongo vilikuja pamoja, kama vijavyo siku zote.

Basi, mwandishi ana wajibu gani? Amtaje msimulizi kwa jina, kwa ridhaa yake. Nasisitiza ridhaa, kwa maana kuna majina yasiyopasa kuchapwa. Katika simulizi za njaa kubwa kuna habari za nani alimwacha nani njiani, na nani alimtoa mtoto wake ili apate nafaka. Wajukuu wa watu hao wako hai. Mzee akisema, "Hili andika, lakini jina liache," mwandishi atii, na aeleze wazi kwamba jina limefichwa kwa ombi la msimulizi. Kuficha kwa ajili ya kulinda ni tofauti kabisa na kuficha kwa uzembe. Tena tusidhani kibali cha serikali kinatosha. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na vibali vyake ni vya lazima kwa utafiti. Lakini kibali kinamruhusu mtafiti kufika kijijini, nayo ridhaa ya kutumia maneno ya mzee inabaki kuwa ya mzee mwenyewe.

Mhakiki ana wajibu wa kusoma makala kama angetaka yake isomwe. Akiwa na ugomvi na mwandishi, au ukoo wake ukiwa na shauri katika habari inayosimuliwa, na aseme mapema na kujitoa. Asichukue wazo la makala aliyopewa kwa siri akalitumia kuwa lake. Na kwa habari za watu wa nchi hii napendekeza jambo moja zaidi: mmoja wa wahakiki awe mtu wa mahali pale, hata kama hana shahada. Angeweza kusomewa makala kwa lugha yake, na neno lake lihesabiwe.

Mhariri ana wajibu mzito kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye mlango. Asipitishe makala ya askofu kwa sababu ni ya askofu, wala asiikatae ya mwanafunzi kwa sababu ni ya mwanafunzi. Kazi ya mwanafunzi isitoke kwa jina la mwalimu wake. Ikiwa wameandika wawili, majina yawe mawili. Na kosa likigunduliwa, lisahihishwe hadharani na upesi. Dunia imeona gharama ya kuchelewa. Mwaka 1998 jarida la utabibu la The Lancet, la Uingereza, lilitoa makala ya Andrew Wakefield na wenzake, iliyohusu watoto 12 na kuwatia wazazi wengi hofu juu ya chanjo ya surua. Makala hiyo ilifutwa mwaka 2010. Katika miaka hiyo 12 wako watoto walionyimwa chanjo. Wahariri wa Uingereza walikwisha kuunda kamati ya maadili ya uchapishaji mwaka 1997, lakini kanuni nzuri hazijisimamii zenyewe.

Msomaji naye hana budi kuwajibika. Tangu mwaka 2007 mji wa Dodoma umepata Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, na waalimu wa vyuo hupimwa kwa idadi ya makala zao. Pamoja na haja hiyo yamezuka majarida ya biashara yanayopokea ada na kuchapa chochote kwa siku chache bila uhakiki. Msomaji anayenukuu kutoka humo pasipo kuchunguza anasaidia kuueneza ushuhuda wa uongo. Vivyo hivyo mchungaji anayechukua kazi ya mwenzake na kuisoma mimbarini au darasani kana kwamba ni yake. Ameiba, hata kama alichoiba ni Neno la Mungu lililofafanuliwa vema.

HITIMISHO

Mwishoni mwa Waraka kwa Warumi kuna mtu asiyetazamiwa. Baada ya sura 16 za Mtume Paulo anatokea karani aitwaye Tertio, anajitaja kwamba ndiye aliyeuandika waraka, naye anawasalimu wasomaji. Mtume hakumfuta. Hali kadhalika tunajua kwamba maneno ya Yeremia yaliandikwa na Baruku, kwa sababu kitabu chenyewe kinatuambia. Luka naye anaanza Injili yake kwa kukiri kwamba wengine waliandika kabla yake, na kwamba amepokea kutoka kwa walioona kwa macho. Kanisa halikuona kwamba kutajwa kwa watu hao kunapunguza mamlaka ya Maandiko.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne kwa bodi ya jarida letu. Mosi, kila makala inayotegemea simulizi iwe na orodha ya wasimulizi kwa majina, mahali na tarehe, isipokuwa pale msimulizi alipoomba kufichwa. Pili, madaftari na kanda za mwandishi ziwekwe katika maktaba ya chuo, ili zisipotee katika uhamisho kama zangu. Tatu, kila toleo liwe na ukurasa wa masahihisho, hata kama siku nyingine utakuwa mtupu. Nne, nakala ya makala, au muhtasari wake kwa Kiswahili ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, ipelekwe kijijini ilikotoka na kusomwa mbele ya waliosimulia, kabla haijachapwa.

Pendekezo la nne litaongeza gharama na kuchelewesha matoleo. Najua hali ya sanduku letu. Lakini wazee waliozaliwa miaka ya karibu na Mtunya karibu wote wamekwisha kututoka, na waliowasikia kwa masikio yao wanazidi kupungua kila mwaka. Wanafunzi wetu watakwenda tena vijijini likizo ijayo, na wengine watakaa chini ya mti mbele ya mzee na kufungua daftari. Na jambo la kwanza waliandikalo, juu kabisa ya ukurasa, liwe jina lake.